Motohomu ya futi 34 na nguzo ya njano: namna ya kuizoea kabla hujaingia nayo friwei

Wakuu, tangu tuonyeshe picha za safari yetu ya Colorado na motohomu, yani gari ambalo ndani ni nyumba, simu haipoi, kila mtu anauliza ile nyumba ya magurudumu inaendeshwaje na kama mtu aliyezoea Corolla anaiweza. Anaiweza, tena vizuri tu. Ila ngoja nieleze kwa kirefu maana nimeona wabongo wenzetu hapa Texas wanakodi motohomu Ijumaa jioni, wanapewa funguo na maelezo ya dakika 20 ambayo 18 ni za choo na gesi, halafu hao friwei, yale mabarabara makuu ya mwendo kasi, na watoto sita nyuma. Yani choo unafundishwa, stelingi hufundishwi.

Mimi nilidhani najua. Kabla sijaja huku nilikuwa utingo wa lori miaka miwili, Dar - Tunduma, Dar - Tunduma, nimelala chini ya tela pale Makambako na baridi yake yote, nikajiona magari makubwa ni ndugu zangu. Basi siku ya kwanza na motohomu ya kukodi, ya futi 30, nimeingia sheli nimejaza mafuta vizuri, mbele yangu jamaa kapaki pickup yake, nikasema ngoja nimzunguke. Nikakata stelingi yote kushoto, macho mbele, kona ya mbele ikapita salama kabisa nikaanza kujisifu kimoyomoyo. Mara nyuma krrrrr, kama bati linaburuzwa kwenye lami. Ile nguzo ya njano inayolinda pampu, upande wa kulia. Mbele nimeenda kushoto, mkia umeenda kulia. Mchubuko karibu mita mbili, kifuniko cha boksi la mizigo kinaning'inia, na depoziti yote ikabaki kwa wenyewe. Mama watoto hakusema neno mpaka usiku, na bora angesema.

Hapo ndo akili ikanikaa. Mbele ya gari unapaona, kila mtu anapaona. Hii kitu inakuumiza nyuma na juu, sehemu mbili ambazo ukiwa na Corolla hujawahi kuziwaza hata siku moja. Karibu kila ninachoandika hapa kinarudi hukohuko.

Kwanza ujue unashika gari gani. Class B ni ile van iliyoinuliwa paa, hiyo haina maneno mengi. Class C ni ile yenye kichwa cha van halafu kitanda kimetokeza juu ya kichwa kama kofia, ndo wengi wanaikodi, futi 22 mpaka 32 hivi. Class A ni ile bapa mbele kama basi, na hizo zinafika mpaka futi 45. Yangu ya sasa ni Class A ya futi 34, ya petroli, chasisi ya Ford F53, tuliinunua used. Leseni ya kawaida inatosha majimbo mengi lakini usikariri, kila jimbo na lake. Hapa Texas ikivuka pauni 26,000 wanataka leseni ya Class B, ile isiyo ya biashara (hiyo ni daraja la leseni, si ile van). California wao wanaangalia na urefu, ukivuka futi 40 leseni ya kawaida haikutoshi. Angalia kibandiko cha kiwanda karibu na siti ya dereva, uzito wa juu umeandikwa pale. Yangu ni pauni 22,000 kwahiyo niko salama.

Sasa kaa kwenye siti, ingine (injini) imezimwa. Usicheke, hapa tumia nusu saa nzima.

Vioo vya pembeni kila upande viko viwili, kimoja bapa na chini yake kidogo kilichobinuka. Cha bapa kinakwambia ukweli wa umbali. Kilichobinuka kinaonyesha eneo kubwa lakini kinadanganya, gari iliyo karibu kinaionyesha iko mbali. Weka cha bapa uone ubavu wa gari kidogo sana, kama kidole, na kilichobaki chote kiwe barabara ya nyuma. Kilichobinuka kiweke mpaka uone tairi ya nyuma inapogusa ardhi. Hiyo tairi ya nyuma ndo rafiki yako, kuanzia leo utakuwa unaichungulia kuliko unavyochungulia simu. Halafu mtu mmoja atembee taratibu kuzunguka gari nzima wakati wewe umekaa, umwambie kila anapopotea machoni. Mama watoto alipotea sehemu nne. Moja ni hapohapo mbele chini ya kioo kikubwa, mtu mzima kabisa amesimama karibu na bampa, simuoni hata nywele.

Kwa sisi tuliojifunzia nyumbani kuna ugonjwa mwingine. Kule dereva anakaa kulia na tunapita kushoto, huku ni kinyume, na hata kama una miaka kumi unaendesha Marekani mwili unakumbuka. Ukiwa na gari ndogo haionekani. Ukiwa na kitu chenye upana wa futi 8 na nusu kwenye leni ya futi 12, inaonekana vizuri sana, unajikuta umeegemea kulia mpaka matairi yanapita kwenye ile mistari iliyochimbwa pembeni ya barabara inanguruma na vyombo vyote kabatini vinaitikia. Dawa yake: barabara imenyooka, haina watu, angalia kioo cha kushoto uone tairi iko umbali gani na mstari, angalia cha kulia hivyohivyo, rekebisha mpaka zilingane. Sasa hapohapo tazama mbele, ule mstari wa kulia unakutana na kioo kikubwa sehemu gani? Simama mahali salama ubandike kipande kidogo cha tepu hapo. Mimi tepu yangu ilikaa wiki mbili nikaitoa, macho yalishazoea. Na usiangalie barabara ya karibu, angalia mbali, ukiangalia karibu utakuwa unapiga stelingi kushoto kulia kama unaendesha daladala yenye stelingi legevu.

Mazoezi yenyewe tafuta paking kubwa tupu. Jumapili alfajiri kwenye maduka makubwa, au omba paking ya kanisa siku ya kazi, sisi tulipewa bila shida. Beba koni sita au nane, na utepe wa kupimia.

La kwanza ni mkia. Simamisha gari ubavu wake wa kushoto uwe sambamba kabisa na mstari wa paking, karibu kama inchi mbili. Weka koni hapo kwenye kona ya nyuma. Kata stelingi yote kulia, ondoka mdogomdogo kama kinyonga, mtu asimame nyuma aangalie. Utaona mkia unauvuka mstari na kuisukuma ile koni upande wa kushoto. Ni kwa sababu kuna futi nyingi zimebaki nyuma ya matairi ya nyuma, na gari inapogeuka matairi yale ndo mhimili, mbele ikienda kulia kilichoko nyuma lazima kiende kushoto, kama ubao wa bembea. Pimeni kwa utepe. Yangu ilitoka futi mbili na inchi kadhaa. Iandike hiyo namba, maana sasa unajua ukiwa sheli au kwenye foleni ubavu wako ukiwa karibu na kitu chini ya hapo, hukati stelingi yote, unaenda mbele moja kwa moja kwanza mpaka mkia upite kile kitu ndo ukate. Ningeijua hii mapema ile nguzo ya njano ingekuwa bado na rangi yake.

La pili ni kona. Matairi ya nyuma hayapiti yalipopita ya mbele, yanakata ndani. Kwenye Class A kuna jambo jingine, wewe umekaa juu ya matairi ya mbele au hata mbele yake kidogo, kwahiyo ukikata pale ulipozoea kukata umekata mapema, na tairi ya nyuma inapanda ukingo, na juu ya ukingo kuna nguzo ya taa au mtu na mbwa wake. Kwahiyo nenda mbele mpaka uhisi makalio yako yamepita ile kona, kwa kweli ndo kipimo chenyewe, makalio, halafu kata. Panga koni upate kona kama ya barabarani, rudia mpaka uchoke, kulia zaidi kuliko kushoto maana huku kona ya kulia ndo inabana. Ukiwa unakata macho yako yawe kwenye kioo cha kulia, ukiona tairi inaelekea kuupanda ukingo nyoosha kidogo kisha endelea.

Kuna watu wakitaka kukata kulia wanajitanua kwanza kushoto kama dereva wa semi, yale malori marefu ya tela. Usifanye. Ukifungua nafasi upande wako wa kulia kuna kijana na Honda yake ataingia hapo, humuoni, na wewe unakuja. Mkia ubaki karibu na ukingo wa kulia, kama nafasi haitoshi jitanue kwenye barabara unayoingia, na kama kuna gari pale subiri lipite. Wanaopiga honi nyuma wapige, honi haichubui rangi.

La tatu ni breki. Kwenye paking hiyohiyo ipeleke maili 30 kwa saa halafu simama kwa nguvu mara mbili tatu, ujue inachukua umbali gani, na ujue nini kitaruka kutoka kabatini. Kwetu ilikuwa sufuria ya wali, iliyooshwa nashukuru. Gari za petroli nyingi zina breki za kawaida za mafuta, zile kubwa za dizeli zenye ingine nyuma zina breki za upepo na hizo zina namna yake ya kukagua, geji mbili za upepo usiondoke kabla hazijajaa.

Kama unafahamiana na mmoja wa hawa ndugu zetu wanaoendesha semi, na wamejaa huku, wakenya, wasomali, wabongo, mpikie pilau akae pembeni yako siku nzima. Mimi nilifanya hivyo. Kitu cha kwanza alichoniambia: mzee mbona unaendesha kama una haraka?

Barabarani

Umbali na gari ya mbele, madereva wa malori wa huku wanafundishwa hivi: sekunde moja kwa kila futi 10 za urefu wa gari, na ukivuka maili 40 kwa saa ongeza moja. Futi 34 inakuja karibu sekunde 4, ongeza moja, 5. Gari ya mbele ikipita kivuli cha daraja anza kuhesabu, moja Mbagala, mbili Mbagala, mpaka tano, kama umefika kwenye kivuli kabla ya tano umekaribia. Watu wataingia kwenye hiyo nafasi, kila wakati, unarudi nyuma tena bila kununa. Mimi naenda maili 60, sijawahi kuvuka 65, leni ya kulia. Miji mikubwa nakaa ya pili kutoka kulia, kwa sababu ile ya mwisho kila dakika watu wanaingia na kutoka na huna wepesi wa kuwakwepa. Kubadilisha leni washa indiketa, hesabu polepole, angalia kioo bapa, angalia kilichobinuka, angalia tena bapa, ndo uhame kidogokidogo.

Abiria wote wakae kwenye siti zenye mikanda. Najua kuna kitanda, kuna kochi, kuna friji inaita. Hakuna mtoto kulala kitandani gari ikitembea, hakuna mtu kwenda kuchemsha chai. Kwetu hilo halina mjadala.

Sasa paa. Pima urefu wa kwenda juu wewe mwenyewe, panda ngazi na utepe, mpaka juu ya AC maana hiyo ndo iko juu kuliko vyote, usiamini kitabu. Yangu ni futi 12 na inchi 8. Andika kwa maka peni nene ubandike mbele ya stelingi. Friwei kubwa hazina tatizo, madaraja yake ni futi 14 mpaka 16. Balaa liko mjini na kwenye barabara za zamani zilizojengwa kwa ajili ya magari madogo tu. Pale Durham, North Carolina, kuna daraja la reli lilikuwa futi 11 na inchi 8, limechuna mapaa ya malori na motohomu miaka nenda rudi, kuna kamera imewekwa kabisa inanasa. Mwaka 2019 wakaliinua kwa inchi 8, sasa ni futi 12 na inchi 4, na bado watu wanaligonga. Mimi na 12'8" yangu ningekuwa mmoja wao. Boston nako kuna Storrow Drive, kila mwaka karibu na tarehe 1 Septemba wanafunzi wanahama nyumba na malori ya kukodi na kila mwaka kuna lori linakwama chini ya daraja. Huko New York zile barabara zinazoitwa parkway usiingie kabisa.

Ramani ya simu ya kawaida haijui una paa. Inakupeleka kama Corolla. Tafuta GPS ya motohomu au ya malori ambayo unaijaza urefu, upana, kimo na uzito, halafu hata hiyo usiikabidhi roho, ukiona kibao cha njano cha kimo soma. Ukijikuta umefika kwenye daraja fupi, simama, washa hazadi, waite polisi wakusaidie kurudi nyuma. Aibu ya dakika 15. Na kuna sehemu wanazuia wenyewe: Going-to-the-Sun Road ya hifadhi ya Glacier, Montana, gari ndefu kuliko futi 21 au pana kuliko futi 8 haipiti ile sehemu ya juu mlimani, utaacha nyumba kambini upande basi. Mahandaki mengine, kama ya Baltimore, yana masharti ya mitungi ya gesi, na wewe umebeba gesi ya jiko. Soma kabla ya safari.

Milima

Hapa nitakaa kidogo maana hapa ndo watu wanafia.

Waliopita Kitonga au Sekenke na malori wanaijua harufu ya breki zilizoungua, ile harufu kama kamba inaungua halafu imechanganyika na chuma. Sisi tulikuwa tunaambiwa gia uliyopandia ndo hiyohiyo ushukie. Ni kanuni nzuri, ila kwa magari ya kisasa wakati mwingine unatakiwa ushuke na gia ndogo zaidi ya uliyopandia, kwa sababu ingine za siku hizi zina nguvu zinapanda na gia kubwa bila kulalamika, ukishuka nayo hiyo haikushiki. Na unachagua gia kabla hujaanza kushuka, juu kileleni, gari iko taratibu. Ukishaanza kukimbia umechelewa.

Motohomu nyingi zina kitufe cha kuvuta mzigo, kiko kwenye kishikio cha gia. Kibonyeze kabla ya mteremko, gari inashusha gia yenyewe ukigusa breki. Mara ya kwanza nilishtuka, ile ingine V10 iliunguruma kama inataka kutoka, abiria wote wakaniangalia. Hiyo ni kawaida, iache ipige kelele, ndo inakushika hiyo. Angalia tu mshale wa RPM usiingie kwenye nyekundu.

Breki sasa. Usikanyage mfululizo kidogokidogo kuteremka mlima mzima, hiyo ndo inachemsha. Chagua mwendo salama, tuseme maili 40. Ikifika 40 kanyaga kwa kueleweka, uhisi gari inapungua, mpaka 35, kama sekunde tatu hivi. Achia kabisa. Ingine inaishika, inapanda tena taratibu mpaka 40, kanyaga tena mpaka 35, achia. Hivyo mpaka chini. Breki zinapata muda wa kupoa kati ya kanyagio na kanyagio.

Tulivyotoka hapa tulipitia Amarillo, tukapanda Raton Pass kwenye I-25 mpakani mwa New Mexico na Colorado, futi 7,834, hiyo ilikuwa utangulizi. Mtihani ni I-70 baada ya handaki la Eisenhower, uko juu ya futi 11,000, unatoka handakini unaona dunia nzima inateremka, asilimia 6 mpaka 7, maili baada ya maili. Kwenye I-70 hiyohiyo, upande wa kushukia Denver, kuna vibao kabisa vinawaambia madereva wa malori wasijidanganye, mteremko haujaisha. Na kuna zile njia za kuokolea gari iliyokosa breki, zimemwagwa kokoto nene na zinapanda mlimani. Zitambue ziko wapi kabla hujazihitaji. Zikihitajika ingia, usifikirie bili ya breakdown. Mimi nilishuka kwa mwendo wa maili 35 kwa saa hazadi zinawaka, nyuma nina msafara kama wa harusi, nilipofika Silverthorne nikapaki nikaenda kusogeza mkono karibu na rimu bila kugusa, joto la kawaida, hakuna harufu. Nikala sambusa.

Upepo, matairi na uzito

Hii gari ni ukuta. Upande wa Amarillo upepo unapiga ubavuni unashika stelingi imepinda ili gari inyooke, halafu unapita nyuma ya kilima upepo unakatika ghafla, gari inaruka ulikopinda. Shika kwa mikono miwili, punguza mwendo. Semi ikikupita utahisi kwanza inakusukuma, halafu inakuvuta kwake, ukishaiona kwenye kioo inakuja sogea inchi chache mbali nayo na utulie, usipigane nayo. Wyoming kwenye I-80 huwa wanafunga barabara kwa magari mepesi yaliyo marefu kwenda juu upepo ukizidi, na motohomu imo. Wakifunga lala. Mimi hata kabla hawajafunga, nikiona semi zenyewe zimeanza kupaki, napaki.

Matairi: motohomu inakaa sana, kwahiyo tairi inazeeka kabla ya kuisha. Kashata zote zipo, inang'aa, kumbe ina miaka tisa. Angalia ubavuni mwisho wa yale maandishi ya DOT, kuna namba nne, 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Ikivuka miaka sita au saba mimi nabadilisha. Upepo pima asubuhi tairi ikiwa baridi. Na ikipasuka ukiwa kwenye mwendo, hasa ya mbele, mguu wako utataka breki. Usiupe! Baki kwenye mafuta, hata ongeza kidogo, shika stelingi kwa nguvu mpaka gari inyooke, halafu achia mafuta polepole ikafie pembeni yenyewe. Ukigonga breki gari inavutwa upande wa tairi iliyokufa na hapo hakuna dereva tena. Haya yaseme kwa sauti ukiwa umepaki, kila asubuhi kama unavyosali, kwa sababu siku yenyewe huna muda wa kukumbuka.

Uzito haraka haraka: maji galoni moja ni pauni 8.3, tenki la galoni 50 likijaa ni zaidi ya pauni 400, ongeza mchele wa kilo 25 ambao najua umebeba. Pitia kwenye mizani ya malori pale semi zinapojaza mafuta, unalipa hela ndogo wanakupa karatasi, linganisha na kile kibandiko cha kiwanda.

Kabla ya kuondoka popote, hata ukisimama kununua soda, zunguka gari kwa miguu. Jeki za kusawazisha gari zimepanda, ngazi imeingia, turubai la pembeni limekunjwa, antena iko chini, waya wa umeme umechomolewa, bomba la maji taka, na hilo nalisisitiza kwa sababu binafsi ambazo sitazieleza. Slaidi, zile kuta za pembeni zinazosogea nje kupanua chumba, zote ndani. Halafu angalia juu na nyuma. Na kama unavuta gari dogo nyuma kwa magurudumu yote manne, ujue huna rivasi kabisa, ukirudisha hata futi chache lile dogo linajikunja na kuvunja kifungio. Ukikwama unalifungua kwanza, hata kama ni mvua.

Kuingia kambini

Hapa ndo usomi wangu wa utingo ulinisaidia. Wazungu wengi unawaona wanarudisha gari, mke yuko nyuma anapunga mikono yote miwili kama anafukuza nyuki, mume anapiga kelele dirishani, jioni nzima imeharibika. Sisi tulikubaliana maneno kabla. Lete ni rudi. Kata ya kwako ni upande wa dereva, kata ya kwangu ni upande wa abiria, maana kushoto na kulia mkiangaliana kunachanganya. Nyoosha. Na simama, ambayo ni ngumi juu, na ikitamkwa hakuna kuuliza kwanini. Simu zimepigiwa zimewekwa spika. Utingo asimame pale ninapomuona kwenye kioo, upande wa dereva nyuma, na sheria ni moja, nisipomuona nimesimama, simsubiri atokee huku narudi.

Kabla ya rivasi shuka. Kila mara, hata kama umechoka na giza linaingia. Tembea hiyo nafasi, angalia kibomba cha maji kimejificha kwenye majani, mawe, meza ya kulia, halafu inua kichwa uangalie matawi. Chagua nafasi ambayo mkia unaingilia upande wako wa dereva ili uione kwenye kioo, ikiwezekana chagua tu zile za kupita moja kwa moja huna haja ya kurudi. Rudi kwa mwendo wa mtu anayetembea na mtoto. Mkia ukitaka uende kushoto, kata kushoto, kulia kulia, huku hakuna ile akrobatiki ya tela. Na ukiwa unaangalia mkia unavyoingia usisahau pua, inafagia upande wa pili, jirani kaweka viti vyake pale. Ikikataa nenda mbele unyooshe uanze upya. Mimi mara ya kwanza nilianza upya mara saba, mzee mmoja wa jirani alitoka na kiti na kikombe cha kahawa akakaa kuangalia kama sinema, nilipomaliza akapiga makofi.

Ikishakaa, breki ya mkono, jeki chini, umeme, zima ingine. Slaidi usifungue bado. Shuka tena, simama upande wa slaidi, nyoosha mkono upime, maana ule mti ulioupita vizuri wakati wa kuingia uko palepale unasubiri.